Kisima Ambacho Hakikuchimbwa: Kisa cha Klabu ya Huduma na Fedha za Wachangiaji Arumeru

Kisa hiki kinahusu fedha zilizochangwa ili kuchimba kisima kirefu kwenye shule moja ya msingi ya Serikali wilayani Arumeru. Kisima hicho hakikuchimbwa. Fedha hazikuliwa, mkandarasi hakukimbia, na wanafunzi wa shule hiyo leo wanakunywa maji salama. Lakini kati ya usiku wa changizo na asubuhi bomba la kwanza lilipofunguliwa, klabu iliyochangisha ilikaribia kuvunjika. Nayaandika yaliyopita hapo katikati kwa sababu vikundi vya akina mama, jumuiya za makanisa na misikiti, na wahitimu wanaokumbuka shule zao huchangisha fedha za maji kila mwaka huku kwetu kaskazini, na njia wanayopita ni ile ile. Klabu siitaji jina, wala shule. Nilikuwa kwenye kamati ya miradi, na nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kurudi kwa wachangiaji.

Changizo

Klabu za huduma, yaani vikundi vya watu wanaojitolea kusaidia jamii, si ngeni Arusha. Zipo za Rotary, chama kilichoanzia Chicago mwaka 1905, zipo za Lions, kilichoanza mwaka 1917, na vipo vikundi vilivyozaliwa hapa hapa ambavyo havina makao makuu ng'ambo. Klabu ninayoizungumzia ina wenye maduka, mawakili, manesi, watu wa utalii, walimu wastaafu, daktari wa meno mmoja na fundi bomba mmoja aliyestaafu. Wanachama wanalipa ada, na ada ndiyo inayoendesha klabu: ukumbi, chai ya kikao, nauli ya katibu. Fedha zinazotoka kwa watu wa nje zinakaa kwenye akaunti ya pili, na haziguswi kwa shughuli za klabu hata zikikaa mwaka mzima. Kanuni hii ya akaunti mbili ni ya zamani katika klabu za aina hii, na bila hiyo kisa hiki kingekuwa na mwisho mwingine.

Kamati ilifanya changizo kwa namna ambayo kila mtu wa Arusha anaijua. Kadi za mchango zilizunguka wiki kadhaa, zikiwa na picha ya watoto wenye madumu na maneno makubwa: Changia Kisima. Kukawa na matembezi ya hisani Jumamosi asubuhi kuanzia Mnara wa Saa, watu wakiwa na fulana za mradi. Jioni ya changizo lenyewe palikuwa na mgeni rasmi, MC mchangamfu, mnada wa keki ambayo ilinunuliwa na kurudishwa mezani ikauzwa tena, na meza ya ahadi. Wadogo walituma kwa simu, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Wakubwa waliinuka na kutaja kiasi.

Aliyewahi kukaa kamati ya harusi anajua tofauti ya taslimu na ahadi. Usiku ule MC alitangaza jumla iliyochanganya vyote viwili, ukumbi ukapiga makofi, na jumla hiyo ndiyo iliyoingia kwenye vichwa vya watu. Benki ilionyesha kingine. Karibu theluthi moja ya fedha zilizotangazwa zilikuwa bado mikononi mwa walioahidi, na ahadi huanza kupoa kesho yake. Kwa hiyo mweka hazina alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu nzuri: ukichimba mapema, ukapiga picha maji yakiruka, ahadi zinalipwa.

Swali la bibi

Mkutano wa wazazi ulifanyika shuleni ili kuwatambulisha wanaklabu na mkandarasi. Mwalimu mkuu alifungua, mwenyekiti wa kitongoji akasema machache, na mtu wa klabu akaeleza kisima kitakuwa na kina gani na pampu itatumia umeme wa jua. Watu walifurahi. Kisha bibi mmoja, aliyekuwa pale kwa niaba ya mjukuu wake, aliinua mkono na kuuliza kama maji yenyewe yamepimwa. Alisema kule chini kwenye shamba la mwekezaji kuna kisima kirefu, maji ni mengi, na wenyeji hawayatumii kwa kunywa.

Mkandarasi alijibu kwamba upimaji ulifanyika. Alikuwa anasema kweli, ila alikuwa anajibu swali jingine. Upimaji uliofanyika ulikuwa wa ardhi: wataalamu walipita na vifaa vyao, wakaonyesha mahali maji yalipo na kina chake. Ripoti ile ilikuwa safi. Hakuna aliyeiomba iseme maji hayo yana nini ndani yake, na kwa kweli kipimo cha namna hiyo hakiwezi kukwambia.

Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji. Mvua inapopenya kwenye tabaka za majivu na lava huichukua floraidi hiyo, na kadiri maji yanavyokaa ardhini ndivyo yanavyozidi kuibeba. Ndiyo maana huku kwetu kina kirefu si dhamana: kisima cha mita mia moja kinaweza kutoa maji mabaya kuliko kijito kinachoshuka moja kwa moja kutoka msituni. Maziwa ya Momella, yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana floraidi nyingi kupindukia. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi, kwa kuwa kulikuwa na vijiji ambavyo havikuwa na maji mengine, kisha kiwango cha taifa kikashushwa kufikia 1.5.

Floraidi haionekani kwenye glasi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani floraidi inabaki na kukolea. Dawa ya klorini inaua vijidudu lakini haiigusi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya huota meno yenye madoa ya kahawia, na hali ikiwa mbaya zaidi meno yanamomonyoka. Floraidi ikizidi sana na kwa miaka mingi, mifupa inaathirika: magoti na mgongo vinakakamaa, na wapo watoto wanaopinda miguu. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive haraka nayo yana floraidi, kwa hiyo mtoto wa Arumeru anaweza kuipata kwenye kikombe na kwenye sahani pia.

Yote haya yanafahamika. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kipo Ngurdoto, humo humo Arumeru. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ipo Tengeru, na Dk. Askwar Hilonga wa taasisi hiyo alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa kichujio chake cha maji. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, ule maarufu wa bilioni 520, ulikwenda kutafuta maji hadi wilayani Hai, na floraidi ilikuwa mojawapo ya sababu. Elimu ilikuwa umbali wa daladala moja kutoka shuleni. Kilichoifikisha kwenye mradi ni bibi aliyeinua mkono.

Kipimo

Kisima kisichochimbwa hakina maji ya kupima, lakini visima vya jirani vinayo. Wanaklabu wawili walikwenda kuchukua sampuli kwenye visima virefu viwili vya karibu na kwenye kijito kilicho juu ya shule, kwa chupa safi za plastiki, kwa sababu kioo hakifai kwa kipimo hiki. Kila chupa iliandikwa mahali na saa, na zote zikapelekwa maabara ya maji ya Serikali.

Kijito kilikuwa ndani ya kiwango kwa floraidi, ingawa kilikuwa na uchafu wa mifugo. Kisima cha kwanza kilizidi kiwango. Cha pili, kile cha shambani alichokitaja bibi, kilizidi zaidi ya mara tatu.

Nataka kusema wazi ninachofikiri kuhusu gharama ya kipimo hicho. Ikilinganishwa na kuchimba, ni ndogo mno; keki ya mnada peke yake ingelipia sampuli zote na chenji ikabaki. Lakini kwenye bajeti iliyosomwa usiku wa changizo hakikuwemo. Palikuwa na mabango, fulana, ukumbi, muziki, kuchimba, pampu, tangi na uzinduzi. Wachangiaji wetu wanapenda kuona kitu, na kamati zinajifunza kuwapa kitu cha kuona. Karatasi ya maabara haikatiwi utepe.

Kikao kigumu

Klabu iligawanyika, na si kwa sababu upande mmoja ulikuwa wa watu wabaya.

Waliotaka kisima kichimbwe walikuwa na hoja nzito. Shule haina maji ya vyoo. Wasichana wa darasa la sita na la saba wanakosa shule siku za hedhi kwa sababu hakuna pa kujisafishia. Maji yenye floraidi hayadhuru sakafu, hayadhuru bustani, hayadhuru mikono. Basi tuchimbe, tuandike kwenye bomba kwamba si ya kunywa, na neno letu kwa wachangiaji litakuwa limetimia. Hoja hii ilinisumbua sana, na bado naiheshimu. Iliangushwa na mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye alialikwa kikaoni. Alieleza jinsi watoto wake wanavyokimbilia maji baada ya mapumziko, na kwamba wengi wao hawajajua kusoma. Bomba likiwepo watainama na kunywa.

Kundi la pili lilitaka kuchimba na kuweka kichujio cha mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto lililodhibitiwa hadi inakuwa punje nyeusi zinazoshika floraidi maji yanapopita. Njia hii inafanya kazi, na imetumika Arumeru. Lakini punje zinachoka; baada ya muda zinaacha kushika, na maji yanatoka yakiwa na sura ile ile, ladha ile ile, na sumu ile ile. Lazima mtu apime mara kwa mara na abadilishe. Pia kuna familia ambazo hazitakunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ambayo hazijui imetoka kwa mnyama gani, na hilo halitatuliwi kwa kuwahubiria. Shule isiyo na fundi wala bajeti ya matengenezo ingebeba mzigo ambao hakuna aliyeuliza kama inauweza.

Kundi la tatu lilisema: mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Hapo fundi bomba mstaafu, ambaye kwa kawaida hasemi kikaoni, aliomba karatasi.

Hesabu yake ilikuwa hii. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja ya maji. Jengo la madarasa matatu pamoja na ofisi ya walimu lina paa la mita za mraba 250. Kwa tahadhari alichukua mvua ya milimita 700 kwa mwaka, chini ya ile ambayo eneo lile huipata miaka mingi. Hiyo inatoa lita 175,000. Ukitoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na yanayotupwa, zinabaki lita 140,000. Shule ina wanafunzi kama 400. Kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, na jiko la uji na makande likitumia lita 200, ni lita 600 kwa siku. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Jumla ni lita 116,400. Paa lililokuwepo siku zote lilikuwa linatosha.

Shida ya mvua ni kwamba haiji kidogo kidogo kila siku. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Novemba na Desemba, na katikati kuna kiangazi kirefu. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba, ukitoa likizo, kuna siku za masomo kama 85. Mara lita 600, ni lita 51,000 zinazotakiwa kuwa zimehifadhiwa masika inapoisha. Matangi sita ya lita 10,000 yanatosha na kubakiza kidogo. Fedha taslimu zilizokuwa benki, bila kungoja ahadi hata moja, zilitosha matangi, gata, mabomba na misingi ya zege, na zikabaki za kuvuta maji ya kijito hadi vyooni, kama vibali vingepatikana. Kwa kijito hicho ilibidi kwenda RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, pale wilayani, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana kuchukua maji mtoni kunahitaji kibali sawa na kuchimba.

Hesabu ilimaliza ubishi wa kitaalamu, ikabaki hoja ya mweka hazina. Alisema: watu walichangia kisima. Hawakuchangia matangi. Hatuna haki ya kubadili.

Alikuwa sahihi, na kwa maoni yangu hapo ndipo uzito wote wa kisa hiki ulipo. Wako wanaklabu waliosema mchangiaji anataka watoto wapate maji, hajali yanatoka juu au chini, kwa hiyo tuendelee tu na tutamweleza siku ya uzinduzi. Inaweza kuwa kweli kwa wengi. Lakini mtu aliyetoa elfu tano yake kwa kadi iliyoandikwa kisima amekupa fedha na sharti kwa pamoja. Ukibadili sharti bila kumuuliza, hata kwa nia njema, umejipa uhuru ambao mwaka ujao mwingine ataubeba kwa nia isiyo njema, na hutakuwa na la kumwambia.

Kurudi kwa wachangiaji

Uamuzi ukawa kurudi kwa kila mmoja. Si kwa wakubwa tu.

Waliotuma kwa simu walipelekewa ujumbe mfupi kwenye namba walizotumia: kipimo kimeonyesha nini, klabu inapendekeza nini, na anayetaka fedha zake arudishiwe apige kabla ya tarehe iliyotajwa. Wenye kadi walifuatwa kwa orodha, kila mwanaklabu akichukua majina aliyoyaleta mwenyewe. Matokeo ya maabara yalibandikwa kwenye ubao wa shule na ofisi ya kata, kwa Kiswahili cha kawaida. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kama kuna mahali ambapo neno kujitolea lilikuwa na uzito, ni hapo. Matembezi ya hisani yana muziki. Kumpigia mtu kumwambia kwamba ulichomwahidi hakitakuwepo hakuna muziki.

Waliodai kurudishiwa walikuwa wachache sana, na walirudishiwa siku hiyo hiyo bila kuulizwa sababu. Kampuni moja iliyokuwa imeahidi fedha nyingi ili jina lake liandikwe kwenye mnara wa tangi la kisima ilijitoa kimya kimya. Hatukulaumu, ahadi yake ilikuwa ya kisima. Kwa upande mwingine, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwa hajatimiza ahadi yake alipoona karatasi ya maabara alitoa matangi kwa bei aliyonunulia. Baadhi ya waliokwisha kulipa waliongeza. Ujumbe uliorudi mara nyingi zaidi kwenye simu ya katibu ulikuwa mfupi tu: asanteni kwa kutuambia.

Mmoja sitamsahau. Mzee wa Usa River alikuwa ametoa mchango mkubwa kwa kumkumbuka marehemu mkewe, na tulikubaliana jina la mama huyo liandikwe kwenye kisima. Tulikwenda watatu nyumbani kwake. Tukamsalimia, tukakaa, tukanywa chai, na hakuna aliyetaka kuanza. Tulipomweleza alinyamaza, kisha akasema anahitaji kuzungumza na watoto wake. Kisima, kwake, kilikuwa kitu cha kudumu. Tangi la plastiki anajua litapasuka siku moja. Tulimwachia muda wake wote na hatukumpigia simu. Alipiga mwenyewe. Alikubali, na akaomba jina liandikwe kwenye msingi wa zege badala ya tangi, ili tangi likibadilishwa jina libaki.

Kazi ya mikono

Upande huu nitaupita haraka, kwani ulikwenda vizuri. Bati zilizoliwa na kutu ziling'olewa. Wazazi waligawana kwa vitongoji: hawa mawe, wale mchanga, wengine kuchimba misingi. Klabu ilifanya jambo moja ambalo ningependa liigwe popote: siku za kazi za wazazi, mawe na mchanga viliandikwa kwenye daftari la michango, kwa thamani ya soko, kwenye ukurasa ule ule wa fedha. Ripoti iliposomwa, mzazi aliyebeba mawe alisikia mchango wake ukitajwa pamoja na wa mwenye duka.

Fundi mstaafu alisimamia gata mwenyewe. Alisisitiza mteremko usiokatika, wavu kwenye kila mdomo, na kwa kila tangi bomba la pembeni lenye kizibo chini, la kupokea maji ya kwanza ya mvua, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati. Bomba hilo likijaa ndipo maji safi yanapoingia tangini. Baada ya kila mvua mtu lazima afungue kizibo na kulimwaga. Kifaa chenyewe ni rahisi, ila kinahitaji mtu, na hapo ndipo tatizo lilipokuja kutokea.

Mwaka wa kwanza

Masika yalijaza matangi yote. Kiangazi kilipofika Septemba, fimbo ya kupimia ilionyesha maji yameshuka kuliko hesabu. Sababu zilikuwa mbili: koki moja iliyokuwa ikidondosha usiku kucha, na nyumba za walimu zilizokuwa zikichota bila mtu kukataza wala kuruhusu. Koki ilibadilishwa. Suala la walimu lilipelekwa kwenye kamati ya shule, nayo ikaamua wapewe dumu moja la kunywa kwa nyumba kwa siku, jambo ambalo naliona la haki. Nao wana watoto, na wanaishi juu ya maji yale yale ya chini.

Vuli ilipoanza, hakuna aliyefungua vizibo. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwingine. Tangi moja liliingia tope na ilibidi limwagwe lote na kusuguliwa, katika mwezi ambao kila lita ilikuwa na maana. Tangu hapo jina la mhusika limeandikwa ukutani karibu na kila tangi, la mtu mzima mmoja na wanafunzi wawili wa darasa la sita, na mwanaklabu mmoja anafika kila mwanzo wa msimu wa mvua kukagua. Safari hizo za ukaguzi hazikuwemo kwenye mpango wa awali. Klabu nyingi hupanga hadi siku ya uzinduzi, na tarehe inayofuata kwenye kalenda ni ya mradi mwingine mahali pengine.

Jambo lililonigusa zaidi lilitoka kwa daktari wa meno wa klabu, baada ya kila mmoja kuwa ameridhika. Alitukumbusha kwamba meno ya mbele ya ukubwani hujengeka ndani ya taya tangu mtoto ana miezi michache hadi umri wa miaka minne hivi. Mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita au saba. Matangi ya shule yanalinda magego yanayoendelea kujengeka na yanalinda mifupa, na hilo ni kubwa. Ila madoa ya meno ya mbele, yale ambayo kijana wa Arumeru anayaficha kwa kiganja anapocheka mbele ya watu, yameshaamuliwa nyumbani kabla mtoto hajavaa sare.

Hakuna aliyekuwa na jibu siku hiyo. Kamati ya shule ilianza na lililowezekana: miezi ya mvua, matangi yanapofurika, mama mwenye mtoto chini ya miaka mitano anaruhusiwa kuchota dumu la lita 10 kila Jumamosi kwa ajili ya mtoto huyo. Yule bibi aliyeuliza swali alikuwa wa kwanza kuandikisha, kwa ajili ya mjukuu wake mwingine.

Sasa klabu inajiandaa kwa zahanati ya kata, mahali ambapo akina mama hao hao wanapeleka watoto kliniki kila mwezi. Paa limeshapimwa, ni mita za mraba 180. Sampuli za maji yanayotumika pale zimeshakwenda maabara kabla ya kadi yoyote kuchapishwa, na majibu yatachapishwa kwenye kadi yenyewe. Bajeti ina mstari wa ukaguzi wa miaka mitatu. Kinachobishaniwa bado ni nani atashika ufunguo wa koki: muuguzi mfawidhi anasema hana mtu wa kusimama pale, na akina mama wamependekeza wachague mmoja wao kutoka kila kitongoji, kwa zamu. Mimi nipo upande wa akina mama.